Wawili au Mmoja? Videnenda wa Bonde la Kilombero

Katika elimu ya viumbe ni machache maswali yaliyo mepesi kuulizwa na mazito kujibiwa kama hili: viumbe hawa wawili, je, ni wa aina moja au ni wa aina mbili? Mtoto wa shule huliuliza aonapo vipepeo. Mkulima huliuliza aonapo magugu shambani. Mtaalamu naye huliuliza kila siku ya kazi yake. Makala haya yatalieleza swali hilo kwa mfano wa ndege wawili wadogo, wenye rangi ya kahawia, waishio katika matete na nyasi ndefu za tambarare ya mto Kilombero, mkoani Morogoro. Ndege hao hawajulikani mahali pengine popote duniani. Wataalamu walianza kuwatilia maanani katika miaka ya 1980, lakini hawakupewa majina rasmi ya kisayansi hadi mwaka 2021.

Kwa Kiswahili ndege wa jamii hii huitwa videnenda. Wataalamu huwaita Cisticola. Ni ndege wala wadudu, wembamba, wenye mdomo mdogo uliochongoka, na wengi wao hawazidi uzito wa gramu ishirini. Ulimwenguni zipo zaidi ya aina 50 za videnenda, na isipokuwa chache sana, zote makao yake ni Afrika. Basi hii ni jamii ya kwetu hasa, na haifai sisi wenyewe kuwa wa mwisho kuifahamu.

Mahali penyewe

Mtu aishiye Michenga, au penginepo karibu na Ifakara, hahitaji kuelezwa jinsi mto Kilombero unavyobadilika kwa majira. Wakati wa kiangazi mto hujikusanya katika mkondo wake, na nyasi za tambarare hukauka. Masika yafikapo, maji hutoka kingoni, yakatanda maili kwa maili, na pale palipokuwa njia ya ng'ombe pakawa njia ya mitumbwi. Upande wa kaskazini-magharibi imesimama milima ya Udzungwa. Upande wa kusini-mashariki iko milima ya Mahenge. Mawingu yatokayo Bahari ya Hindi hupanda juu ya milima hiyo, hupoa, na kunyesha mvua nyingi. Mito na vijito huishusha mvua hiyo bondeni. Hivyo tambarare hupata maji si kwa mvua yake yenyewe tu, bali pia kwa mvua ya milimani.

Katika maji hayo huota matete na majani marefu yaliyosongamana hata mtu hawezi kuona hatua tano mbele yake. Hapo ndipo wanapoishi videnenda tunaowazungumzia. Mwaka 2002 bonde hili, lenye eneo la hekta 796,735, liliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa.

Maana ya spishi

Kabla hatujawalinganisha ndege wetu, hatuna budi kukubaliana juu ya maana ya neno spishi. Katika maelezo yanayotumika sana shuleni, spishi ni kundi la viumbe ambao huzaana wao kwa wao katika hali ya kawaida ya maisha yao, na wazao wao nao huweza kuzaa. Punda na farasi wanaweza kupandana wakamzaa baghala. Lakini kwa kuwa baghala kwa kawaida hazai, tunasema kuwa punda na farasi ni spishi mbili.

Mkulima wa mpunga wa Ifakara anaufahamu ukweli huu kwa njia yake mwenyewe. Shambani mwake anaweza kuwa na mbegu ya Supa, ya Shingo ya Mwali na ya Kalamata. Mbegu hizo hutofautiana kwa umbo la punje, kwa harufu ya wali wake na kwa muda wa kukomaa. Hata hivyo zote ni za spishi moja, Oryza sativa. Lakini katika shamba hilohilo huchipua gugu la mpunga mwitu, Oryza longistaminata, ambalo likiwa changa hufanana na mpunga hata mpaliliaji mzoefu akadanganyika. Aling'oapo ndipo aonapo shina refu jeupe likitambaa chini ya udongo. Hilo ni la spishi nyingine kabisa.

Tunapata hapa kanuni yenye manufaa: vitu vinavyotofautiana kwa sura si lazima viwe vya spishi mbili, na vitu vinavyofanana kwa sura si lazima viwe vya spishi moja. Sura ni shahidi, lakini si hakimu.

Masikio kabla ya macho

Kwa ndege wadogo wa kahawia shahidi aliye bora mara nyingi ni sauti. Jambo hili lilionyeshwa zamani huko Uingereza na kasisi mmoja mpenda ndege, Gilbert White. Katika barua ya mwaka 1768 alieleza kwamba ndege waliokuwa wakichukuliwa kuwa ni wa aina moja, walikuwa kwa hakika wa aina tatu. Mmoja hurudia noti mbili tu. Wa pili hupiga mluzi unaoteremka taratibu. Wa tatu hutetemesha sauti kama sarafu inayozunguka juu ya meza kabla ya kutulia. White alizikuta tofauti za maumbile yao baada ya kuzisikia tofauti za nyimbo zao. Yule wa pili, Phylloscopus trochilus, hutujia hapa Afrika ya Mashariki kila mwaka akikimbia baridi ya Ulaya na Asia, naye hana uzito zaidi ya gramu kumi au zaidi kidogo.

Kwa videnenda kazi kubwa ya kwanza ilifanywa na Hubert Lynes, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, aliyesafiri sehemu nyingi za Afrika na kutoa mwaka 1930 maelezo ya jamii nzima. Majina mengi ya Kiingereza ya ndege hawa yanatokana na sauti: yuko anayeomboleza, yuko anayepiga mluzi, yuko anayekoroma kama chura, yuko anayelia kama mtu atiaye saa ufunguo. Mwenye kuwatambua videnenda kwa macho tu atachoka upesi.

Kwa nini iwe hivyo? Jibu limo katika mazingira yao. Katika nyasi zilizosongamana, kidenenda mwenye rangi kali angeonekana mara moja na mwewe au nyoka. Wale wenye rangi ya majani makavu ndio waliopona na kuzaa. Kwa hiyo uteuzi wa asili umewavika karibu wote kanzu ya namna moja. Lakini jike anayetafuta mwenzi hawezi kumwona dume aliye hatua kumi mbele yake. Aweza tu kumsikia. Akimfuata dume wa spishi nyingine amepoteza msimu wake wa kuzaa. Kwa sababu hiyo sauti imetenganishwa vizuri pale rangi ilipoachwa ifanane.

Zoezi la ulinganishi

Tuchukue kwanza mfano wa spishi mbili ambazo zimeenea sehemu nyingi za nchi yetu, ili msomaji aone jinsi ulinganishi unavyofanywa. Wa kwanza ni Cisticola juncidis, ambaye huonekana hata katika mashamba ya mpunga, na ambaye ameenea pia Ulaya ya kusini, Asia na hadi Australia ya kaskazini. Wa pili ni Cisticola aridulus, apendaye nyika kavu zenye nyasi fupi. Wote wawili wana urefu wa sentimita kumi hivi, wote wana michirizi ya rangi nyeusi na ya kahawia mgongoni, na tumbo lisilo na madoa. Ukiwaweka mkononi utawadhania kuwa ndugu wa kiota kimoja.

Sasa watazame wakiwa hai wakati wa kuzaa. Dume wa juncidis hupanda juu angani, akaruka kwa kuinuka na kushuka kama mtumbwi juu ya mawimbi, na kila ainukapo hutoa mlio mmoja mkavu: zit, zit, zit. Dume wa aridulus huruka chini chini, akipinda huku na huku, akitoa milio myembamba ya harakaharaka na kualisha mabawa yake. Mkia wa juncidis, ukitazamwa kwa juu, una ukanda mweusi karibu na ncha zake nyeupe; wa aridulus hauna ukanda huo. Kiota cha juncidis ni kama chupa laini iliyofungwa kwa utando wa buibui, na mlango wake uko juu. Cha aridulus ni kama mpira, na mlango wake uko ubavuni.

Tazama basi jinsi ushahidi unavyojikusanya. Mruko, mlio, mkia, kiota na makazi ni mambo matano mbalimbali, na yote yanatoa jibu moja. Tofauti moja peke yake ingeweza kuwa ya bahati, au ya umri, au ya manyoya yaliyochakaa. Tofauti tano zinazokwenda pamoja kila mara haziwi za bahati.

Videnenda wawili wa Kilombero

Turudi sasa bondeni. Katika miaka ya 1980 wachunguzi wa ndege walitambua kuwa ndani ya matete ya Kilombero mlikuwa na ndege wasiolingana na maelezo ya kitabu chochote. Mmoja alikuwa kwera, yaani ndege msukaji wa viota, na mwaka 1990 alitangazwa kuwa spishi mpya, Ploceus burnieri. Wengine wawili walikuwa videnenda. Hao walijulikana kwa watazamaji wa ndege na wakatajwa hata katika vitabu vya kutambulisha ndege, mmoja kwa jina la bonde lenyewe, na mwenzake kwa jina lenye maana ya kidenenda mkia-mweupe. Lakini mbele ya sayansi walikuwa kama watoto wasio na cheti cha kuzaliwa.

Huenda msomaji akauliza: kama walikwisha kujulikana, mbona walingojea zaidi ya miaka thelathini? Ni kwa sababu jina la kisayansi halitolewi kwa kuona tu. Sheria za kimataifa za kuwapa wanyama majina zinadai kuwe na kielelezo rasmi, ambacho kwa kawaida hutunzwa katika makumbusho, ili mtaalamu yeyote wa baadaye aweze kukirejea kama tunavyorejea kipimo rasmi cha mita. Zinadai pia maelezo yaliyochapishwa. Nao wataalamu wenzake mwandishi hudai ndege alinganishwe na jamaa zake wote walio karibu, wasije wakambatiza upya ndege aliyekwisha kuwa na jina.

Kazi hiyo ilikamilishwa mwaka 2021 na kundi la wataalamu lililoongozwa na Jon Fjeldså wa Denmark, katika jarida la elimu ya ndege liitwalo Ibis. Kidenenda wa kwanza aliitwa Cisticola bakerorum, kwa heshima ya Neil na Liz Baker, ambao kwa miaka mingi wamekusanya habari za ndege wa Tanzania. Mwenzake, yule mkia-mweupe, aliitwa Cisticola anderseni.

Mashahidi walioitwa walikuwa watatu: maumbile, sauti na urithi. Maumbile yalipimwa kwa vielelezo. Sauti zilirekodiwa na kuchorwa kwa mashine, zikawa michoro inayoweza kupimwa kwa rula. Hivyo ile kazi ambayo White aliifanya kwa sikio sasa yaweza kukaguliwa na yeyote. Shahidi wa tatu, ambaye White hakuwa naye, ni DNA, ile kemikali iliyomo ndani ya chembe hai na ibebayo maagizo ya urithi.

Utendaji wa shahidi huyu wa tatu waweza kufahamika hivi. Mwalimu ameandika maelezo marefu ubaoni, na wanafunzi wawili wameyanakili. Kesho yake mwanafunzi mwingine ananakili daftari la kila mmoja wao, na keshokutwa mwingine tena. Kila anayenakili hukosea herufi moja moja. Baada ya siku nyingi, makosa yaliyo katika mlolongo wa daftari la kwanza si yale yaliyo katika mlolongo wa pili; na kadiri siku zilivyopita, ndivyo tofauti zilivyozidi. Mtu akihesabu tofauti hizo, naye akajua kiasi cha makosa ya kila siku, ataweza kukadiria ni siku ngapi zimepita tangu milolongo ile ilipoachana. DNA nayo hunakiliwa kutoka kizazi hadi kizazi, na makosa yake ndiyo saa ya wanabayolojia.

Kwa saa hiyo umri wa spishi hizi mbili umekadiriwa kuwa baina ya miaka milioni 2.5 na milioni 3.5. Hapa ndipo ndege wasiotimia ukubwa wa ngumi ya mtoto wanapotufundisha historia ya nchi. Katika muda huo Afrika ya Mashariki imepata vipindi virefu vya ukame, na mahali pengi mabwawa yalikauka. Lakini ndege wa matete hawezi kuishi bila matete, na matete hayaishi bila maji. Ikiwa videnenda hawa wamedumu humu kwa muda mrefu hivyo, basi yaelekea bonde la Kilombero halikukauka kabisa. Sababu inayopendekezwa na wataalamu ni ile mvua ya milimani tuliyokwisha kuitaja. Kuwapo kwa ndege watatu wa namna hii katika bonde moja, videnenda wawili na kwera mmoja, kunayatia nguvu maelezo hayo.

Faida ya kutofautisha

Wapo watakaosema kwamba ubishi juu ya vindege viwili ni anasa ya wasomi. Kwa kuwajibu hatuna haja ya kutoka Ifakara. Maabara ndogo iliyoanzishwa hapo mwaka 1957 na Waswisi, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, imejulikana ulimwenguni kwa uchunguzi wa mbu wa malaria. Zamani ilidhaniwa kuwa Anopheles gambiae ni spishi moja. Katika miaka ya 1960 majaribio ya kuwapandisha mbu hao yalionyesha kwamba madume waliozaliwa kutokana na makundi fulani walikuwa tasa, kama alivyo baghala. Kumbe zilikuwa spishi kadhaa zilizovaa sura moja.

Miongoni mwao, yule ambaye leo ndiye anayebaki na jina la gambiae hupenda sana kumwuma binadamu na kukaa ndani ya nyumba, ambapo nduguye, Anopheles arabiensis, huuma pia ng'ombe na hukaa nje zaidi. Chandarua na dawa ya ukutani humpata wa kwanza kwa urahisi kuliko wa pili. Mtu asiyewatofautisha aweza kutumia fedha nyingi kumpiga adui asiyekuwapo. Njia ya kufikiri iliyowatenganisha mbu wale ndiyo hiyohiyo iliyowatenganisha videnenda wetu.

Jina na makazi

Limebaki jambo moja zito. Wataalamu waliowapa ndege hawa majina walionya wakati huohuo kwamba jamii ya viumbe wa tambarare hii imo hatarini. Watu wengi wamehamia bondeni kwa kutafuta ardhi; mashamba ya mpunga, makubwa na madogo, yameingia mahali palipokuwa na matete; mifugo imeongezeka; na moto wa kiangazi huunguza kinachosalia. Sheshe, yule swala mwekundu ambaye kundi lake kubwa kabisa barani Afrika liliishi katika tambarare hii, amepungua mno.

Haitakuwa haki kumlaumu mkulima. Mpunga wa Kilombero hulisha miji yetu, na mwenye njaa haambiwi asubiri ndege azae. Lakini hata hesabu ya binadamu peke yake yatutaka tufikiri. Kilombero huupatia mto Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake, na kwenye Rufiji ndiko lilikojengwa Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya kuzalisha megawati 2,115 za umeme. Matete na nyasi za bondeni huyapunguza maji kasi, huyachuja tope, na kuyaachilia kidogo kidogo. Anayelinda sehemu ya matete hayo anamlinda kidenenda, na pia anamlinda mvuvi wa kambale na anayewasha taa mjini.

Tofauti iliyopo ni hii: mkulima aweza kupata shamba mahali pengine, na umeme waweza kuzalishwa kwa njia nyingine, japo kwa gharama. Bali Cisticola bakerorum na Cisticola anderseni hawana bonde la pili.

Kazi kwa shule

Mwalimu wa bayolojia hahitaji vyombo vya gharama kuwafundisha wanafunzi wake ulinganishi. Karibu kila shule ya nchi hii ina nyasi, na penye nyasi mara nyingi pana kidenenda au ndege mwingine mdogo wa kahawia. Wanafunzi wachague ndege wawili wanaofanana. Kwa muda wa wiki nne, saa moja baada ya mapambazuko, waandike katika jedwali mambo sita: mlio, mruko, mkia, mahali ndege alipotua, urefu wa nyasi, na chakula alichoonekana akila. Mlio uandikwe kwa herufi jinsi unavyosikika, au urekodiwe kwa simu ya mwalimu. Viota vitazamwe kwa mbali bila kuguswa.

Mwishoni darasa lijibu maswali matatu. Je, ni tofauti zipi zinazoonekana pamoja kila mara? Ni zipi zinazoweza kuelezwa kwa umri, jinsia au uchakavu wa manyoya? Na je, ni ushahidi gani mwingine ungehitajika kabla ya kusema kwamba hawa ni wawili wala si mmoja? Swali la tatu ndilo lenye thamani kuliko yote, kwa maana humzoeza mwanafunzi kupima uzito wa ushahidi kabla ya kutoa hukumu. Shule zilizo katika bonde la Kilombero zina bahati zaidi: zinaweza kufanya zoezi hili karibu na ndege ambao mwanafunzi wa nchi nyingine yoyote hana njia ya kuwaona nyumbani kwake.